Bomba Halifiki Utemini

Mazungumzo ya leo ni ya moto wa jikoni na baridi ya nje.

Mji wetu wa Singida umekaa juu, karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na upepo wake kila mtu anaujua: haubishi hodi. Kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane mtu anatoka alfajiri na koti, mtoto hagusi beseni mpaka maji yachemshwe, chai inabandikwa mara mbili kabla jua halijapanda, na jiko la mkaa ambalo miezi mingine hukaa barazani linaingizwa ndani. Katika majuma hayohayo alizeti imeshavunwa, mashine za kukamua zinanguruma kutwa, na mfugaji wa kuku aliyetotolesha vifaranga anahangaika kuwapa joto. Kila mmoja anataka nishati, na wote wanaitaka kwa wakati mmoja.

Hapo ndipo swali linapozuka kwenye vijiwe vya kahawa: nchi yenye gesi yote ile kule Mtwara, mbona sisi Singida tunahangaika na magunia ya mkaa? Bomba litafika lini?

Ni swali la haki, nami nitalijibu mapema ili usinisubiri hadi mwisho. Bomba la gesi asilia halitafika Utemini, kata yetu hapa mjini, karibuni. Na hata kama lingefika kesho, lisingetosha peke yake kutuvusha siku za baridi kali. Mji huvuka kipupwe kwa akiba iliyowekwa karibu na mlaji kabla baridi haijaingia, na kwa utaratibu unaojulikana wa nani ahudumiwe kwanza pale nishati inapopungua. Wazee walituambia akiba haiozi. Leo nataka tulipeleke neno hilo kwenye nishati.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo mitaani huchanganywa kila siku. Gesi ya Mtwara na gesi ya mtungi wako wa kilo 6 ni vitu viwili tofauti. Ile ya Mtwara na ya kisiwa cha Songo Songo ni gesi asilia, ambayo sehemu yake kubwa ni methani. Ukiikandamiza kwenye mtungi wa kawaida haigeuki kuwa kimiminika. Ili iwe kimiminika lazima ipoozwe hadi nyuzi joto 162 chini ya sifuri. Kwa hiyo njia yake ya kawaida ni bomba. Gesi ya mtungi ni propani na butani. Hizi hukubali kuwa kimiminika kwa mgandamizo mdogo tu, ndiyo maana zinaingia kwenye chuma chembamba na kupakiwa kwenye pikipiki. Ukitikisa mtungi wako unasikia kitu kinacheza ndani kama maji. Ndiyo hiyo.

Na hii ya mtungi hatuichimbi Mtwara. Inaagizwa kutoka nje, inaletwa na meli, inashushwa bandari za Dar es Salaam na Tanga, inahifadhiwa kwenye matangi makubwa ya pwani, halafu malori yanaipandisha bara. Kutoka Dar es Salaam hadi Singida ni karibu kilomita 700 za lami, kupitia Morogoro, Dodoma na Manyoni. Kwa maneno mengine, mama anayewasha jiko la gesi hapa Utemini hategemei bomba la Mtwara hata kidogo. Anategemea meli, matangi ya pwani, lori, dereva, na ghala la wakala. Bomba lake ni barabara.

Sasa turudi kwenye gesi yetu wenyewe. Songo Songo, wilayani Kilwa, gesi iligunduliwa mwaka 1974. Mnazi Bay, mkoani Mtwara, mwaka 1982. Ilikaa ardhini miaka mingi kwa sababu hapakuwa na njia ya kuifikisha kwa mnunuzi. Bomba la kwanza kutoka Songo Songo hadi Dar es Salaam lilianza kazi mwaka 2004 na kuwasha mitambo ya Ubungo. Bomba kubwa, la kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam, lilizinduliwa na Rais Jakaya Kikwete Oktoba 2015, kwa mkopo mkubwa kutoka China. Kati ya hapo, Januari na Mei 2013, Mtwara iliwaka moto kwa ghasia. Watu walitaka kujua kwa nini gesi itoke kwao iende kuneemesha wengine. Damu ilimwagika na mali ziliteketea. Nakumbusha hayo kwa sababu swali la Mtwara la 2013 na swali la Singida la leo ni ndugu: bomba linapita wapi, na nani anakaa pembeni yake akiwa mtazamaji?

Bomba hilo lilisanifiwa kupitisha futi za ujazo milioni 784 kwa siku. Matumizi yetu hayajafika hata nusu ya kiwango hicho. Kwa hiyo Tanzania ina mkosi wa aina yake: bomba lina nafasi tele, lakini linaishia pwani. Mwenye baridi yuko nyanda za juu.

Mzee wangu hapo Utemini huenda unasema, basi warefushe. Hesabu ya bomba ni kali. Kilomita moja ya chuma kinene, pamoja na kuchimba, kuunganisha, kulinda na kulipa fidia, hugharimu fedha nyingi, na fedha hizo hurudi tu kama upo mnunuzi mkubwa anayechukua gesi usiku na mchana, mwaka mzima. Pwani mnunuzi huyo yupo: mitambo ya umeme ya Kinyerezi na Ubungo, na viwanda vya saruji. Singida ina viwanda vya kukamua alizeti vinavyofanya kazi zaidi msimu wa mavuno, na majiko ya nyumbani yanayowashwa saa chache kwa siku. Hakuna benki itakayokopesha bomba la kilomita 700 kwa ajili ya chai ya asubuhi. Hata majirani zetu Kenya, wenye viwanda vingi kuliko sisi, walitia saini na Tanzania hati ya makubaliano ya bomba la gesi kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa tangu Mei 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alipozuru Nairobi. Kati ya saini na chuma kuna safari ndefu.

Na kuna jambo linalochoma zaidi. Bomba kubwa linapita mkoani kwetu. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, ambazo 1,147 ziko Tanzania, linakatiza Mkoa wa Singida. Lakini ni la mafuta ghafi, mazito kiasi kwamba lazima yapashwe moto njiani yasigande, na yote yanakwenda melini. Watu wetu wamepata fidia na vibarua. Moto wa jikoni hawaupati kutoka humo. Kwa hiyo tusidhani kila bomba linalopita shambani kwako ni lako.

Sasa niwapeleke mbali kidogo. Kaskazini mashariki ya Marekani kuna eneo liitwalo New England, lenye majimbo sita. Humo ndimo lilimo jiji la Boston, na miji ya Lowell na Worcester ambako Wakenya wengi wamefanya makazi, na kule jimbo la Maine wapo Wasomali wa Lewiston na Wakongo wa Portland. Ndugu zetu hao watakueleza baridi ni nini. Januari huko mabomba ya maji hupasuka ndani ya kuta.

Eneo hilo halina kisima hata kimoja cha gesi. Lakini si mbali nalo, jimbo la Pennsylvania linachimba gesi kuliko nchi nyingi duniani. Nyumba nyingi za New England hupashwa joto kwa gesi, na karibu nusu ya umeme wao pia hutokana na gesi. Sehemu kubwa ya mwaka hakuna tatizo. Tatizo ni zile siku chache za baridi kali ambapo kila nyumba inawasha joto kwa pamoja na mitambo ya umeme nayo inadai gesi ileile. Bomba linajaa. Gesi ipo Pennsylvania, pesa ipo Boston, na katikati chuma kimefika mwisho wa uwezo wake.

Nani anapata? Hapa wasikilizaji tegeni sikio, maana ndipo penye somo. Kampuni zinazohudumia majumbani zilishalipia nafasi yao bombani kwa mwaka mzima, zitumie zisitumie. Wenye mitambo ya umeme wengi hawakulipia, kwa sababu kulipia nafasi ya mwaka kwa ajili ya siku kumi za baridi ni hasara kwao. Kwa hiyo baridi ikikaza, nyumba zinahudumiwa kwanza na mitambo inaachiwa makombo. Mwisho wa Desemba 2017 na mwanzo wa Januari 2018 baridi kali ilidumu kama wiki mbili. Mitambo ikageukia mafuta, ikachoma karibu mapipa milioni mbili. Matangi yakaanza kukauka, na barabara zenye theluji zikachelewesha malori. Mwisho wa Januari hiyohiyo meli iitwayo Gaselys ikatia nanga Everett, kando ya Boston, ikiwa na gesi ya kimiminika ambayo sehemu yake ilitoka Yamal, Urusi. Fikiria: taifa linalochimba gesi nyingi kuliko yote duniani, likinunua gesi iliyotoka Urusi, kwa sababu bomba la ndani limejaa.

Waliwahi kupendekeza mabomba mapya. Baadhi yalikwama kwa sababu ya gharama, mengine kwa upinzani wa wananchi na wa mamlaka za majimbo. Bomba lililoitwa Constitution lilifutwa mwaka 2020. Basi wanaishije? Wanaishi kwa akiba. Kiangazi, wakati gesi ni nyingi na rahisi, kampuni hujaza matangi ya gesi iliyopoozwa kuwa kimiminika, yaliyojengwa karibu na miji yenyewe. Siku ya baridi kali wanaifungulia. Ni kama simtanki kwenye nyumba zetu: mfereji unaotoa maji membamba usiku kucha hujaza tangi, na asubuhi familia nzima inaoga bila kugombana na mfereji. Hakuna aliyepanua bomba la mtaa. Walichofanya ni kutumia saa za usingizi kuhudumia saa za pilikapilika.

Akiba hiyo ina gharama, na mtu lazima ailipie hata mwaka ambao baridi haikukaza. Mtambo mkubwa wa umeme ulioitwa Mystic, uliokuwa mteja mkuu wa ghala la gesi la Everett, ulifungwa mwaka 2024. Ghala hilo limekuwapo tangu 1971. Ikaulizwa: nalo lifungwe? Mamlaka za Massachusetts ziliidhinisha mikataba ya kuliweka hai hadi 2030, na wateja wa gesi ndio wanaobeba gharama kwenye ankara zao. Wapo wanaolalamika, na wana hoja. Lakini uamuzi wenyewe uliwekwa wazi, ukajadiliwa, ukaandikwa.

Mfano wa upande wa pili ni Texas, Februari 2021. Texas ina gesi chini ya miguu yake na mabomba kila pembe. Baridi isiyo ya kawaida ikaja, visima na vifaa vya gesi vikaganda, umeme uliohitajika kuendesha mitambo ya gesi ukakatwa na wenyewe waliokuwa wakigawa umeme, mitambo ya umeme ikakosa gesi, na mduara ukajifunga. Serikali ya jimbo ilihesabu vifo 246. Wengine kati yao walikufa kwa hewa ya sumu isiyo na harufu, wakijaribu kuota moto ndani ya nyumba na magari. Kuwa na gesi hakukuwasaidia. Hawakuwa wamejiandaa kwa ajili ya siku ile moja mbaya.

Tukirudi Singida, na hasa Utemini, nitagusa mambo manne.

La kwanza ni mtungi. Mei 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye shabaha kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Kabla ya hapo serikali iliagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo tarehe 31 Januari 2024. Ni lengo jema. Misitu yetu ya miombo inahitaji kupumzika, na mapafu ya mama zetu vilevile. Lakini kadiri shule, magereza, hospitali na nyumba za Singida zinavyohamia mtungi, ndivyo tunavyozidi kuitegemea ile barabara ya kilomita 700. Mkaa, pamoja na ubaya wake wote, una sifa moja: gunia liko ghalani, unaliona. Gesi ya mkoa huu iko wapi usiku wa leo? Ghala la wakala lina mitungi iliyojaa ya siku ngapi? Daraja likikatika Morogoro kwa mvua, au meli ikichelewa Dar es Salaam, tutapika kwa siku ngapi kabla ya kurudi kuchoma mti?

Swali hilo lina mahali pa kuulizwa. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inatoa leseni kwa wafanyabiashara wa gesi ya mitungi. Nashauri leseni ya msambazaji mkubwa wa mkoa wa bara iambatane na sharti la akiba: awe na shehena ya kutosha idadi fulani ya siku, na iongezwe kuanzia Mei, kabla kipupwe hakijaanza. Reli ya kisasa imefika Dodoma; treni za abiria zilianza kufika huko Julai 2024. Mabehewa ya gesi yakifika Dodoma, na tangi kubwa la kuhifadhia likajengwa kanda hii ya kati, safari ya lori itapungua kutoka kilomita 700 hadi kama 250. Hilo linawezekana ndani ya miaka michache. Bomba haliwezekani.

La pili ni umeme, maana gesi ya Mtwara kwa kweli inafika Utemini, ila inafika ikiwa imebadilishwa. Inachomwa Kinyerezi na Ubungo, inageuka umeme, inasafiri juu ya nguzo. Njia ya msongo wa kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Dodoma na Singida hadi Shinyanga, kilomita 670, imetufanya njia panda ya umeme wa nchi. Kutoka hapa pia inatoka njia ya kwenda Babati, Arusha na Namanga, inayotuunganisha na Kenya. Waya ndilo bomba letu.

Na waya nao hujaa. Machi 2025, akiwa mkoani Kilimanjaro, Rais Samia alieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, kwa sababu umeme unaosafirishwa kutoka kusini hupotea sana njiani. Watu wengi walishangaa: tuna Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, tunanunua wa nini? Jibu ni lilelile la Boston. Kuwa na umeme bwawani kule Rufiji ni jambo moja; kuufikisha Same, Kilimanjaro, saa mbili usiku ni jambo jingine. Ndiyo maana njia mpya ya Chalinze hadi Dodoma ina umuhimu kwetu kuliko hotuba yoyote. Bwawa lenyewe ni akiba nzuri: maji ya masika yanazuiwa, yanatumika kipupwe na kiangazi. Mito ya kipupwe haitusaidii bila bwawa, na bwawa halitusaidii bila waya.

Hapa niongeze neno kuhusu upepo wetu. Mipango ya mitambo ya upepo Singida imezungumzwa kwa zaidi ya miaka kumi. Kulikuwa na mradi wa Geo-Wind, ulioshirikisha Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC. Kulikuwa na mingine. Wananchi wameona vipimo vikisimikwa na magari yakija na kuondoka. Wenye kuamua wakumbuke kwamba upepo wa Singida huvuma kwa nguvu majira yasiyo na mvua, na baridi iko ndani ya majira hayo. Kinacholeta baridi ndicho ambacho kingetupa joto. Mtambo wa upepo ulioko hapa hausubiri nafasi kwenye waya wa kutoka pwani.

La tatu ni ratiba, yaani kupunguza msongamano. Njia rahisi kuliko zote ya kukidhi mahitaji ya saa ngumu ni kuyasogeza mengine nje ya saa hiyo. Mwenye mashine ya kukamua alizeti akikamua kuanzia saa nne usiku hadi alfajiri, au mchana badala ya jioni, ameupa mji megawati bila kujenga chochote. Lakini hatafanya hivyo kwa kuombwa. Shirika la umeme, TANESCO, likimpa bei ya usiku iliyo nafuu, atapanga zamu yeye mwenyewe. Jikoni nako, jiko la umeme la presha hupika maharage ya familia kwa chini ya uniti moja, ambayo kwa mteja wa kawaida wa mjini ni takriban shilingi 350. Yaweke saa nane mchana, si saa moja jioni. Na mwenye vifaranga, ambao wiki ya kwanza huhitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, azibe kwanza pembe za banda kwa maturubai na kuongeza maranda sakafuni kabla hajaongeza mkaa. Joto lililozuiwa lisitoke ni nafuu kuliko joto la kununua.

La nne ni nani aje kwanza. New England wanajua: nyumba kwanza, mitambo baadaye. Sisi tukikosa mitungi kwa wiki moja, nani atapewa iliyobaki? Wodi ya wazazi, au baa? Shule ya bweni yenye watoto mia nne, au mwenye uwezo wa kununua mitungi mitano kwa mkupuo na kuificha? Bila utaratibu jibu hutolewa na bei, na bei haina huruma. Manispaa yetu ya Singida, pamoja na mawakala, inaweza kukaa mezani mwezi wa Machi na kuandika orodha fupi: hospitali na vituo vya afya, shule za bweni, halafu majumbani, halafu biashara. Karatasi moja inatosha.

Kabla sijamaliza, mawili ya usalama, maana kipupwe ni msimu wa misiba inayoepukika. Usilale na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, hata kama makaa yanaonekana yamekwisha kufuka moshi. Hewa ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Inakulaza usingizi ambao huamki. Ukitaka kupasha chumba, pasha mlango ukiwa wazi, halafu jiko litoke nje kabla hujapanda kitandani. Na mtungi ukitoa moto hafifu asubuhi ya baridi, usiumwagie maji yanayochemka wala kuuweka karibu na jiko. Butani hugeuka mvuke kwa shida hewa inapopoa, hasa mtungi ukikaribia kuisha. Uache usimame mahali pakavu penye hewa, punguza moto, subiri. Na ukisikia harufu ya gesi, funga koki, fungua madirisha, usiguse swichi.

Na kwa anayeuliza habari ya gesi asilia ya kushindiliwa, ile inayotumika kwenye bajaji na teksi za Dar es Salaam, inaweza kubebwa na lori hadi bara, na siku moja huenda ikafika viwanda vyetu. Lakini lori la gesi hiyo hubeba nishati kidogo kuliko lori la gesi ya mitungi la ukubwa uleule. Kwa kiwanda kikubwa cha mwaka mzima hesabu inaweza kukubali. Kwa jiko la Utemini bado.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, usikae ukisubiri bomba. Mwenye uwezo awe na mtungi wa pili uliojaa ifikapo mwezi wa tano, aubadilishe mara tu wa kwanza unapokwisha, asingoje siku ya shida. Asiye na uwezo wa mtungi wa pili aungane na majirani wawili wawe na mmoja wa dharura; vikoba vyetu vimefanya makubwa kuliko hilo. Diwani wako muulize swali moja tu kwenye mkutano wa kata: mkoa huu una gesi ya kupikia ya siku ngapi ghalani? Kama hajui, amuulize mkurugenzi. Kama mkurugenzi hajui, basi tumejua tatizo letu liko wapi, na halipo Mtwara.

Vaeni makoti.